Uganga unaobebwa na upanga: kupangua kunauzuia au hakuuzuii?

#1 Deraya Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu, habari za mwanzo wa wiki. Uzi ni mrefu, mwenye haraka ausome jioni akitulia. Jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi usiku, na nasema mapema kwamba nina upande wangu na nitautetea.

Kwa ambao hawajawahi kusikia: kuna michezo ya kuigiza kwa vitendo, sisi tunaoicheza tunaiita lapu. Mnakodi kambi ya skauti msituni, kila mmoja anavaa mhusika wake Ijumaa jioni na hamvui mpaka Jumapili, na vita hamviamui kwa kete mezani. Mnapigana kwa mikono na miguu yenu. Panga ni za sponji, ndani kuna bomba la plastiki au fimbo ya faiba. Mtu wa Unguja afikirie Mwaka Kogwa kule Makunduchi, watu wanavyocharazana kwa migomba: unachapwa kweli, lakini kila mmoja anajua mpaka uko wapi. Kwetu mpaka mmojawapo ni kichwa, hapapigwi.

Naishi Massachusetts, Marekani, na huu ni mwaka wangu wa saba. Uwanjani tunatamka kwa Kiingereza, ila hapa nitaandika matamko yote kwa Kiswahili ili tuelewane.

Uganga wa kawaida tunaurusha kwa vifuko. Kitambaa cha mraba, ndani chakula cha ndege kama kiganja kimoja, unakifunga shingoni kwa mpira wa kufungia noti. Unasoma maneno yako, unarusha, kikinigusa nimerogwa. Katika michezo ya ukoo wa NERO, mfumo wa lapu uliozaliwa hapa New England (kaskazini-mashariki mwa Marekani) miaka ya 1980, kifuko kikigusa ngao yangu, joho langu au ncha ya upanga wangu, bado nimepatikana. Ngao ni ya panga, haihusiani na uganga. Mgeni hulalamika siku ya kwanza, siku ya pili anazoea, kwa sababu mganga naye analipa: lazima mkono mmoja uwe wazi, lazima amalize maneno yote bila kukosea, na akikosa shabaha uganga wake umepotea pale kwenye majani.

Aina ya pili ndiyo iliyonileta. Uganga unawekwa kwenye upanga. Mpiganaji anatamka neno moja, "Usingizi!", kisha anapiga. Hana kifuko wala maneno marefu, na mkono wa pili umeshika ngao.

Sasa kilichotokea. Daraja la mbao, linatosha watu wawili bega kwa bega. Saa tano usiku, mwanga ni vile vijiti vya plastiki vinavyong'aa vilivyofungwa kwenye nguzo. Nimesimama na mwenzangu mwenye ngao, nyuma yetu mganga wetu amepiga magoti anamtibu mtu. Jini wa mto akaja upande wangu. Akatamka "Usingizi!" akapiga kutoka juu kushoto, nikainua upanga wangu nikaukuta wa kwake katikati. Sponji kwa sponji ina sauti yake, "pu" nzito, na mkono wangu ulitikisika mpaka kwenye kiwiko. Upanga wake haukunigusa hata ukosi wa shati. Nikaendelea kupigana.

Akasimama akaniambia: "Umelala. Uganga hauzuiwi kwa upanga." Nikasema basi natumia Kupangua, stadi niliyoinunua kwa pointi za misimu miwili. Akajibu kwamba kupangua ni kwa silaha, huu ni uganga. Nikaita kago langu, yaani kinga ya uganga, moja nililokuwa nalo kwa usiku mzima. Hilo akalikubali. Akatamka tena, nikazuia tena kwa upanga, safari hii refa akaniambia lala. Nikalala. Daraja likaenda, mganga wetu akauawa, mhusika ambaye dada yetu mmoja amemlea kwa misimu minne. Jumapili asubuhi kwenye chai, refa wa pili akaniambia mapigo yote mawili hayakufika, na kago langu lilipotea bure.

Marefa wawili, kitabu kimoja, majibu mawili. Sitaji mchezo wala watu, maana tatizo liko kwenye sentensi za kitabu na si kwenye nia ya mtu.

Nimekaa nalo siku mbili hizi na naliona hivi. Kila shambulio lina mbebaji, lina asili na lina athari. Mbebaji ni kile kinachoruka hewani: upanga, kifuko, mshale. Asili ni pale nguvu inapotoka: uganga, sumu, moto. Athari ni kile kinachonipata: usingizi, ganzi, miguu kunata. Na kila kinga inauliza swali moja tu kati ya hayo. Kuzuia kwa mkono, yaani upanga wangu kuukuta wako, kunauliza mbebaji ni nani. Kupangua na Kukwepa, zile stadi unazotamka baada ya pigo kukugusa ili lihesabike halikugusa, nazo zinauliza mbebaji. Kago linauliza asili. Stadi ya kuhimili usingizi inauliza athari, haijali usingizi umekuja kwa upanga, kwa kifuko au ndani ya kikombe cha chai.

Ukilitazama hivyo, jini wa mto hakuwa na hoja. Aliuliza "huu ni upanga au ni uganga?" na jibu ni kwamba ni vyote viwili. Mbebaji ni upanga, asili ni uganga. Kwa hiyo kila kinga ya upanga ina haki ya kuuzuia, na kila kinga ya uganga nayo ina haki. Hawezi kuchukua wepesi wa upanga (neno moja, mkono wenye ngao, pigo kila sekunde) halafu akachukua na ukaidi wa kifuko kisichojali ngao. Achague mkoba mmoja.

Najua pingamizi: uganga wa namna hiyo utakuwa dhaifu, unazuiwa na kinga za pande zote. Si kweli, mradi tukubaliane juu ya swali ambalo vitabu vingi vinaliruka: uganga uliozuiwa umetumika au bado uko kwenye upanga? Msimamo wangu ni stadi kwa stadi, jasho kwa jasho. Nikizuia kwa mkono, nimetumia jasho, na wewe umepoteza jasho la pigo moja tu. Uganga wako bado unao, piga tena. Nikitumia Kupangua au kago, nimechoma kitu ambacho sikirudishi mpaka kesho, kwa hiyo na chako kiungue. Hapo mwenye upanga wa uganga anabaki mtu wa kuogopwa, kwa sababu ana nafasi ya kujaribu mpaka apate bega lako. Mrusha vifuko hana nafasi hiyo.

Kuna suala la deraya pia. Pigo likisema "Tatu, usingizi!", yaani pointi tatu za maumivu pamoja na usingizi, na deraya ikameza zile tatu, usingizi unaingia au la? Mimi nasema unaingia. Deraya ni akiba ya pointi, inapunguza maumivu tu, na upanga umeshamgusa mtu. Najua wapo watakaopinga.

Na mpangilio. Michezo mingine ina kago linalofyatuka lenyewe, hulichagui. Hapo ndipo mtu anachoma kago la usiku mzima kwa pigo ambalo angelipangua kwa stadi ya bei rahisi. Kwangu mimi upanga unafika kabla ya uganga uliomo ndani yake, basi kinga za mwili zipewe nafasi kwanza. Mbebaji akifa njiani, kago halina cha kukutana nacho.

Naomba kuwasilisha. Marefa, waganga, wa mezani na wa msituni, karibuni.

#2 Mgeni wa Jamvi

Mkuu nimesoma yote, sijawahi kucheza, ila nina swali. Kama uganga uko kwenye upanga, na upanga wake umegusa upanga wako, kwa nini usipite? Umeme unapita kwenye chuma. Ningekuwa mimi yule jini ningefikiri hivyo hivyo.

#3 Kete Sita

Mimi ni wa mezani, kete na karatasi, lakini swali hili tulishalipitia kule na jibu linampa nguvu mleta uzi.

Dungeons & Dragons toleo la 3, mwaka 2000, ilitenganisha kugusa na kuumiza. Uganga wa kugusa unahitaji kidole tu kimfikie mtu, kwa hiyo deraya na ngao havihesabiwi. Unapiga dhidi ya namba ndogo. Ni ndugu wa kifuko chako kinachogusa ngao na bado kinahesabika.

Halafu mwaka 2011 Pathfinder, iliyojengwa juu ya kanuni zile, ikaleta mhusika anaitwa magus. Kazi yake hasa ni hii: anachukua uganga wa kugusa anaupitisha kwenye upanga. Na angalia walivyofanya: akipitisha kwenye upanga, lazima ashinde kinga yote ya mpinzani, deraya na ngao ndani yake. Anapata madhara ya upanga na ya uganga kwa pigo moja, lakini ule upendeleo wa kidole ameuacha. Achague mkoba mmoja, kama ulivyosema.

La pili ni kwamba akikosa, uganga haupotei. Unabaki umeshikiliwa mkononi mpaka apate mtu au aroge kitu kingine. Jasho kwa jasho lako hilo.

Tofauti ni kwamba mezani tuna muda. Mtu anaweza kufungua kitabu, chai ikapoa, tukasubiriana. Ninyi mna nusu sekunde na giza.

#4 Refa wa Usiku

Nimekuwa refa kwa muda mrefu, mchezo mwingine, jimbo jingine. Mleta uzi, kuhusu mbebaji, asili na athari nakubaliana nawe moja kwa moja. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha marefa wapya, na mifumo ya karibuni imejengwa hivyo kwa makusudi. Accelerant kwa mfano, nayo ya huko huko New England, tamko linataja athari na sifa yake, na mpigwaji anajibu kwa neno moja linalosema ametumia kinga gani.

Lakini kuhusu uganga uliozuiwa kubaki kwenye upanga, hapana. Nakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Tuliwahi kuwa na kanuni hiyo. Mtu ana "Ganzi" mara mbili kwa siku, na inabaki mpaka imguse mtu. Kilichofuata ni mtu anakuja mstari wa mbele anatamka "Ganzi! Ganzi! Ganzi! Ganzi!" kila pigo, kwa sababu hajui ni lipi litakalopenya. Anagonga haraka haraka kama mpiga ngoma, upanga haurudi nyuma hata robo, ingawa kanuni inamtaka aurudishe kwanza. Mzidishe kwa watu watano, usiku. Mtu wa pembeni amepigwa na mwingine kabisa pigo la kawaida, lakini amesikia "Ganzi!" sikioni, anaganda. Mwingine amepigwa kweli na ganzi, anadhani ni kelele, anaendelea. Mimi nakimbia katikati na tochi nagawa haki ambayo siioni.

Tukabadilisha: tamko moja, pigo moja, umetumia. Limezuiwa, limekosa, limefika, yote sawa. Uwanja ukatulia. Watu wakaanza kusubiri nafasi, wanamvuta mpinzani ainue ngao, ndipo wanatamka. Pigo la uganga likawa tukio. Ukilisikia unajua kuna mtu amelikusudia.

Kwa hiyo jasho kwa jasho ni haki nzuri kwenye karatasi. Uwanjani, masikio nayo yana kikomo.

#5 Deraya Kuukuu

Mgeni wa Jamvi, swali lako zuri sana na si la kitoto. Hadithi inaweza kusema lolote: umeme unapita, usingizi haupiti, barafu inapanda mpini polepole. Ndiyo maana hadithi haiwezi kuwa hakimu, maana mimi na jini kila mmoja ana hadithi yake na zote zinaaminika. Kanuni lazima ianze na kitu ambacho wawili tumekihisi kwa pamoja, na kitu hicho ni mahali sponji ilipotua. Yeye alihisi "pu" kwenye upanga wangu na mimi nikaihisi. Hatukuhitaji refa kwa hilo. Mwandishi akitaka umeme upite, aandike wazi kwamba athari hii inashika hata ikigusa silaha, na aiuze ghali. Zipo athari zenye shabaha ya silaha yenyewe, kama kuvunja upanga, na hapo kuzuia kwa upanga ni kuipokea kwa mikono miwili.

Kete Sita, ahsante, sikujua kwamba mezani walifika pale pale.

Refa wa Usiku, umenigusa. Lile la mtu wa pembeni kuganda kwa tamko lisilo lake nimeliona mara nyingi na sikuwahi kuliunganisha na kanuni hii. Lakini fikiria na upande wa pili: mwenye "Usingizi" mara moja kwa siku, anakutana na mtu mwenye ngao kubwa na mkono mwepesi. Ngao inameza cha siku nzima bure, kwa jasho tu. Hatafanya mara ya pili. Atarudi kwenye vifuko, na mtindo mzima wa mpiganaji-mganga utakufa, nami naupenda mtindo huo ingawa ndio ulionilaza darajani.

#6 Mwanamke wa Darajani

Mimi ndiye mganga aliyeuawa.

Kaka, umeandika vizuri, ila naomba niseme kilichoniuma, maana si kile ulichokiandika. Kufa si tatizo. Misimu minne ni mingi, nililia kidogo kwenye gari, lakini wahusika hufa, ndiyo maana tunawapenda. Kilichoniuma ni zile dakika mlizosimama mnabishana. Refa aliita "Simama!", na likiitwa hilo kila mtu anaganda pale alipo. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mbao zenye umande, mikono juu ya kifua cha mgonjwa, nikiwasikia mnasema silaha, uganga, silaha, uganga. Lilipoitwa "Endelea", hofu yote ilikuwa imeshatoka mwilini. Nilikufa kama mtu anayesaini fomu.

Kwa hiyo kwangu mimi kanuni nzuri ni ile inayowafanya msisimame. Na ninayoijua ni moja: aliyepigwa ndiye anayeamua. Yeye ndiye aliyehisi pigo limetua wapi, yeye ndiye anayejua ana kinga gani. Akisema "Pangua", mpigaji anasonga mbele kana kwamba amepanguliwa. Akiona si haki, amtafute refa baada ya pambano. Kama mtu anadanganya, itajulikana msimu mzima, hatuhitaji kuligundua usiku huo juu ya maiti yangu.

#7 Ngao ya Mninga

Niongeze kidogo kutoka nyumbani. Fumo Liongo mishale haikumwingia wala mikuki, mpaka sindano ya shaba ilipotiwa kitovuni akiwa usingizini. Wazee wetu walishajua kwamba kinga ina masharti: inazuia nini, haizuii nini, na mwanya uko wapi. Ile kinga ya Liongo iliuliza kuhusu mbebaji, tena mpaka madini yake. Haikuuliza nani anapiga wala ana nguvu kiasi gani.

Kwenye michezo ya ukoo wa NERO wanatamka hadi leo "Tatu, fedha!" kwa sababu kuna majini yasiyoumizwa ila kwa fedha. Liongo mtupu. Sasa mkiandika kago, liandikeni kama Liongo mwenyewe alivyomfichulia mwanawe siri ile: kwa neno moja lisilo na utata. Kago "dhidi ya uganga" halitoshi. Semeni kama ni dhidi ya uganga uje kwa njia yoyote, au dhidi ya uganga wa kurushwa tu. Ugomvi wenu wote wa darajani uko ndani ya maneno hayo mawili.

#8 Mtu wa Kaskazini

Salaam kutoka Ujerumani. Huku wengi tunacheza kwa msingi unaoitwa kwa kifupi DKWDDK, maana yake unaweza kile unachoweza kukionyesha. Hakuna pointi za Kupangua. Ukiweza kupangua kwa mkono, umepangua. Nimeenda ConQuest kule Brokeloh, vita vya maelfu ya watu, imekuwepo tangu 2004, na pigo la uganga likinijia, mimi mpigwaji ndiye ninayeamua litanifanyia nini na kwa kiasi gani. Limegusa ngao? Nayumba, nashusha ngao kama imekuwa nzito, napiga mwayo, mwenzangu ananishika bega ananivuta nyuma. Silali, lakini na yule jini hajaambulia patupu. Kazi yake imeonekana.

Dada wa darajani amesema kweli. Mnabishana kama kitu kimefika au hakijafika, wakati kuna mengi katikati.

#9 Deraya Kuukuu

Dada, naomba radhi. Sikuwa nimefikiria kabisa ulikuwa umepiga magoti wakati ule. Nilikuwa nawaza kago langu.

Kuhusu aliyepigwa kuamua, nakubali bila masharti.

Mtu wa Kaskazini, napenda ule mwayo kuliko nilivyotarajia. Ila kwetu mtu amelipa misimu miwili kupata Kupangua. Nikiambiwa nicheze nusu ya athari baada ya kutumia stadi niliyoinunua, nitahisi nimeibiwa. Pale ambapo hakuna stadi iliyotumika, upanga umezuia tu, hapo nusu ya athari ina nafasi, kwa hiari ya mpigwaji.

Ngao ya Mninga, maneno hayo mawili nayaweka kwenye rasimu. Ninayo kwenye daftari, mistari sita. Refa wa Usiku, nimejaribu kukutana nawe katikati: uganga uliozuiwa kwa mkono unabaki, lakini mwenyewe haruhusiwi kuutamka tena mpaka ametoka kwenye upeo wa panga, hatua tatu nyuma, kisha arudi. Hakuna mpiga ngoma anayeweza kupiga ngoma akirudi hatua tatu kila mara. Jumamosi tunaijaribu uani kwangu.

#10 Refa wa Usiku

Hatua tatu naweza kuziona hata gizani. Jaribuni, mlete mrejesho. Na mjaribu mkiwa mmechoka, si asubuhi mkiwa na nguvu.

#11 Deraya Kuukuu

MREJESHO.

Tulikuwa sita, tumeanza saa kumi jioni mpaka giza. Dada wa darajani alikuja, akacheza upande wa jini.

Hatua tatu zimefanya kazi kuliko nilivyotegemea, kwa sababu ambayo sikuiona. Anayerudi nyuma na uganga wake mkononi anajulikana. Mstari mzima unamtazama, mtu mwenye ngao anasogezwa mbele yake, mwingine anamwandama asipate nafasi ya kurudi. Tamko moja lililozuiwa lilibadilisha mpangilio wa watu sita bila mtu yeyote kulala.

Kilichoharibika ni kitu kingine. Wakati wa kutamka. Tulipochoka, watu walianza kutamka upanga ukiwa umeshatua, "Usingizi" ikija nyuma ya pigo. Nilipata pigo begani, nikalihesabu la kawaida, nikaanza kurudisha langu, ndipo neno likanifikia. Je, nina haki ya Kupangua pigo ambalo nililikubali kabla sijajua lina nini? Tulisimama. Dada akanitazama tu, nikakumbuka, nikasema "Pangua" tukaendelea.

Baadaye tukakubaliana: tamko litangulie, na neno liishe kabla sponji haijagusa. Likichelewa, ni pigo la kawaida, na uganga umepotea. Hapo haubaki, maana kosa ni la mpigaji. Nimeuandika kuwa mstari wa saba.

Deraya hatukuafikiana. Watatu wanasema usingizi unaingia, watatu wanasema deraya ikimeza zote hakuna kilichogusa ngozi. Nimeiacha wazi kwenye rasimu, waandishi wa kanuni waamue.

Rasimu naituma kesho kwa kamati. Dada amenifutia neno moja kwenye mstari wa pili: nilikuwa nimeandika "refa ataamua", yeye ameandika "aliyepigwa atasema".

#12 Mwanamke wa Darajani

Na mishale, kaka. Mshale wenye uganga ukigonga ngao hauna hatua tatu za kurudi. Usitume bado.